Hofu Kwanza, Kicheko Baadaye: Ufundi wa Bwana Msa

Masika haya nimeusoma upya mfululizo wa riwaya za mpelelezi Bwana Msa nikiwa Vudee, juu katika milima ya Upare, wilaya ya Same. Ukungu wa huku hushuka hadi kizingitini, na jioni ikiingia migomba iliyo hatua kumi kutoka mlangoni haionekani tena. Bibi aliyenikaribisha aliona jalada la kitabu mezani, akaniomba nimsomee jina. Nikamsomea: Mzimu wa Watu wa Kale. Hakuuliza kama mizimu ipo au haipo. Aliuliza, "Huyo mzimu ni wa ukoo gani?"

Kwa Mpare wa umri wake hilo ni swali la kawaida kabisa. Koo za Upare zilikuwa na misitu yao ya matambiko, na kila msitu ulikuwa na wenyewe. Mzimu usio na ukoo hauna maana. Nilipokwisha kusoma vitabu hivi niliona kwamba swali la bibi ndilo linaloeleza vyema jinsi Muhammed Said Abdulla alivyovitengeneza.

Abdulla alizaliwa mwaka 1918 Makunduchi, kusini mwa Unguja. Baada ya masomo alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa miaka kama kumi. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na mwaka 1958 akashika uhariri wa jarida la Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Baadaye vikaja Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki mwaka 1991.

Kazi hizo mbili, ya ukaguzi wa afya na ya uhariri wa gazeti, zimeacha alama katika vitabu vyake. Bwana afya akiingia nyumba ya mtu huona kile ambacho mwenye nyumba amekizoea hadi hakioni tena: maji yaliyotuama, karo iliyoziba, shimo lililofunikwa gunia. Mwandishi wa gazeti naye huuliza swali lilelile mara mbili kwa maneno tofauti, kisha akalinganisha majibu. Ukiwaunganisha watu hao wawili unampata Bwana Msa.

Wahakiki wengi husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja, na ni kweli kwamba ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana Inspekta Seif wa polisi pembeni. Lakini deni kubwa zaidi kwa Arthur Conan Doyle naliona kwingine. Katika The Hound of the Baskervilles, kilichotoka kama kitabu mwaka 1902, wenyeji wanaamini kwamba jibwa la kishetani linaiandama familia moja, na mpelelezi anatafuta mkono wa binadamu nyuma ya jibwa hilo. Abdulla aliuchukua mpango huo na kuupanda katika udongo ambao mzimu tayari una mizizi ndani yake. Je, aliwezaje kututisha na kutufumbua macho katika kitabu kimoja?

Kwanza, majina. Kabla hujafungua ukurasa umeshaingiwa na jambo moyoni. Mzimu unajulikana. Giningi ndipo mahali ambapo watu wa Unguja na Pemba husimulia kwamba wachawi hukutana. Hofu hiyo mwandishi hakuihangaikia, aliikuta kwa msomaji akaikopa. Majina ya baadaye yanageuka kuwa hesabu na vitendawili: sifuri, mke mmoja na waume watatu. Ukiyapanga kwa miaka unauona mfululizo ukitoka kwenye pango na kuingia sebuleni, kutoka siri ya mizimu hadi siri ya ndoa na nasaba.

Pili, nani anasema. Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapofanya kazi kubwa. "Mzimu umemuua" ni kauli ya mwandishi, naye atawajibika nayo hadi ukurasa wa mwisho. "Watu wanasema mzimu umemuua" ni kauli ya kijiji. "Ati mzimu umemuua" ni kauli ya kijiji ambayo msemaji ameshaanza kuinulia nyusi. Hadithi ya aina hii inasimama kwa ngazi ya pili na ya tatu. Msimulizi akiitumia ya kwanza hata mara moja, atakuwa amemdanganya msomaji, na siku ya kufumbua fumbo msomaji atamdai. Hofu ibaki mikononi mwa wahusika, nao wapewe heshima yao yote. Wanaoogopa katika vitabu hivi si wajinga wa kuchekwa, ni majirani wenye sababu zao.

Tatu, kejeli. Bwana Msa si shujaa wa mkuki. Hana cheo cha polisi, na nguvu yake iko kichwani na ulimini. Zaidi ya hayo hukosea, hata kitabu kizima kimebeba kosa lake kwenye jalada. Mtu wa namna hiyo angeweza kuchosha haraka, kwa kuwa anayedhihaki kila kitu hatimaye hasikilizwi. Kinachomwokoa ni kwamba kejeli ya watu wa pwani huvaa kanzu ya adabu. Chukua mfano wangu mwenyewe, si wa kitabuni. Mtu anaapa kwamba usiku ameona shetani akipita uani. Mpelelezi mkali atamwambia, "Muongo wewe." Mpelelezi wa mtindo wa Bwana Msa atamkaribisha kiti, kisha atamuuliza kwa upole, "Samahani, bwana, huyo shetani alikuwa amevaa viatu, au alipita peku?" Waliopo watacheka. Lakini lile ni swali la ushahidi hasa, kwa sababu uani kuna matope, na matope hutunza nyayo. Dhihaka imeleta kicheko na imeleta habari.

Mlinganishe na Harry Dresden wa Jim Butcher, ambaye mfululizo wake ulianza mwaka 2000 kwa kitabu cha Storm Front. Dresden ni mganga wa jiji la Chicago, jina lake limo katika kitabu cha simu, na polisi humwita kesi zikiwashinda. Mashetani wake ni wa kweli, na maneno yake makali ni ngao ya mtu anayeogopa. Anajisimulia mwenyewe, kwa hiyo tunaijua hofu iliyo chini ya mzaha. Kwa Abdulla anayetisha ni binadamu, na mzaha ni taa ya kummulikia. Njia zote mbili ni halali, lakini mwandishi hana budi kuchagua moja mapema. Akichanganya, msomaji hatajua aogope au acheke.

Nne, Najum. Rafiki huyu huuliza yale ambayo sisi tungeuliza, na hushika njia isiyo sahihi ambayo sisi tungeishika. Pale Bwana Msa anaponyamaza na kuvuta kiko, Najum hujaza ukimya kwa dhana. Msomaji anapata mwenzake wa kukosea naye, na fumbo linabaki limefungwa pasipo mwandishi kuonekana ameficha kitu.

Tano, kuzuia na kuachia. Nikiwa huku Vudee nimepata picha ya kulieleza jambo hili. Wakulima wa Upare hujenga ndiva, bwawa dogo la kukinga maji ya mto. Usiku mlango wake hufungwa, maji yajae taratibu. Asubuhi hufunguliwa, maji yaende mashambani kwa zamu kupitia mifereji. Mto Vudee wenyewe ni mwembamba, ungeachwa utiririke tu usingefikisha maji mbali. Ukikingwa, unafika hadi mashamba ya Bangalala huko chini, ambako kuna ndiva ya Manoo. Habari katika riwaya ya upelelezi ni mto mwembamba wa namna hiyo. Abdulla hukusanya tone hili na lile, mazungumzo ya barazani, neno la mtumishi, umri usiolingana na tarehe, kisha hufungua mlango kwa mkupuo mmoja mwishoni.

Na hapa ndipo ninapoona udhaifu wake. Wakati mwingine ndiva hujaa kupita kiasi. Sura za mwisho hubeba maelezo marefu ya nani alizaa na nani, nani alilelewa na nani, hadi msomaji atamani kuchora nasaba pembeni mwa ukurasa. Mwandishi Mtobwa, aliyemleta mpelelezi Joram Kiango wa Dar es Salaam, aliuponya udhaifu huo kwa kuongeza mwendo, ila mwendo huo ulimgharimu ule ukimya wa barazani ambao Abdulla aliumudu kuliko mwandishi mwingine yeyote wa aina hii.

Hata hivyo, maelezo hayo ya nasaba ndiyo kiini cha mfululizo wote. Karibu kila fumbo la Bwana Msa, ukilimenya, ndani yake kuna siri ya damu: mtoto asiyejua wazazi wake, ndoa iliyofichwa, urithi uliopotoshwa. Watu wa kale wa jina lile la kwanza wanaishi humo, katika mambo ambayo wazee waliyazika na vijana wanayalipia. Ndiyo maana Bwana Msa anaweza kuicheka hofu ya mzimu bila kuwavunjia heshima wanaoogopa. Wameogopa kitu cha kweli, ila wamekipa jina jingine.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: vitabu hivi vimedumu kwa sababu ndani yake kicheko kinakuja baada ya hofu kujengwa kwa uaminifu, na hofu yenyewe ina mzizi katika familia. Vijana wetu wanaoandika leo wana mizimu tele ya mjini: ghorofa lililoachwa halijaisha, abiria wa mwisho kwenye daladala ya usiku, kiwanja ambacho kila anayekinunua huugua. Waiandike, tena kwa mhusika mwenye ulimi mkali wakipenda. Lakini kabla ya sentensi ya kwanza, mwandishi ajiulize lile swali la bibi wa Vudee, na awe na jibu lake: huyo mzimu ni wa ukoo gani?