Kitenzi cha Kiingereza "initiate" na Unyago wa Masasi na Newala

Ugumu wa kukifasiri kitenzi cha Kiingereza "initiate" hauonekani mpaka mfasiri afike Masasi, au apande hata Newala iliyo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Katika habari za ofisini neno hilo ni jepesi: mtu huanzisha shule, huanzisha mashauri, basi. Walakini Waingereza hulitumia neno lilo hilo juu ya vijana watiwao jandoni, na hapo ndipo baadhi ya wafasiri huandika ati vijana "huanzishwa".

Kosa hili si la mtindo tu. Kitenzi kuanzisha hutaka ama jambo linaloanza, ama mtu pamoja na jambo analoanzishwa, kama mgonjwa aliyeanzishwa dawa. Ukisema "kijana ameanzishwa" ukanyamaza, msikilizaji atauliza: ameanzishwa nini? Mhispania hana taabu hiyo, maana iniciar yake, iliyotoka katika Kilatini kile kile, hubeba maana zote mbili. Ajabu ni kwamba Kilatini chenyewe kiko karibu zaidi na Kiswahili: initium, yaani mwanzo, limetokana na kitenzi chenye maana ya kuingia. Basi asemaye kwamba kijana ameingia jandoni ameufikia mzizi wa neno kuliko yule mfasiri.

Kwa wasichana mambo ni mengine. Mwali huchezwa. Kitenzi kucheza, ambacho aghalabu hufuatwa na ngoma au mchezo, hapa humpokea mtu mwenyewe: wanawake wanamcheza mwali. Mhariri asiyejua desturi huidhani sura hii kuwa kosa, akaisahihisha iwe kuchezewa. Na kwa irabu moja amemvunjia msichana heshima, kwani aliyechezewa ni aliyefanyiwa mzaha, au ubaya zaidi ya huo.

Tena liko jina la desturi yenyewe. Pwani, jando ni la wanaume na unyago ni wa wanawake. Kwa Wayao unyago ni wa wote, na Karl Weule, Mjerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, alilitumia neno hilo kwa pande zote mbili. Lyndon Harries, padre wa misheni aliyekuwa pia mtaalamu wa lugha, alitoa mwaka 1944 kijitabu juu ya desturi hizo za Wamakonde. Atakayekifasiri jina lake akiandika "Jando", wasichana wametoka. Akiandika "Unyago", msomaji wa Unguja atatazamia habari za wanawake tu. Hana budi kuyaandika yote mawili, ijapokuwa jina litakuwa zito.

Vincent Lucas, askofu wa Masasi toka 1926 hata 1944, alilikubali jando chini ya uangalizi wa Kanisa. Kwa Mkristo mwanzo ni ubatizo. Kumwita kijana aliyekwisha kubatizwa kuwa "ameanzishwa" tena jandoni ni kuzua ugomvi wa dini ambao maneno kuingia na kutoka hayauzui. Na huko kutoka ndiko kitenzi cha mwanzo kisikokugusa kabisa, hali ndiyo siku ya nguo mpya, ngoma na zawadi. Kamusi na itenge maana mbili, na chini ya ile ya pili kuanzisha lisiandikwe.