MKATABA WA SILAHA NA HAKI YA KUULIZA

Kila mzee wa nyumba anajua kwamba mgeni mwenye silaha halazwi ndani kabla ya wenye nyumba kushauriana. Basi tuiulize Serikali ya Kenya, kwa adabu lakini bila kigugumizi: ni nani aliyeshauriwa?

Mwaka 1980 Kenya iliwapa Wamarekani ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege. Septemba 2023 ukatiwa saini mkataba wa ulinzi wa miaka mitano. Mwaka 2024 Rais Biden akaitangaza Kenya kuwa mshirika mkubwa wa Marekani asiyekuwa mwanachama wa NATO. Cheo hicho chapendeza masikioni. Lakini tutazame kilichomo: hurahisisha kununua na kuazima silaha, na kupata mafunzo, hakimlazimishi Mmarekani kuja kututetea tukivamiwa.

Hatari nayo imekwisha kuonekana. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab waliishambulia kambi ya Manda, Lamu, walimokuwamo askari wa Marekani pamoja na wetu, wakaua Wamarekani watatu. Ndugu zetu wa Lamu na Pate ndio majirani wa kambi ile. Wao hawakutia saini popote, lakini risasi haiulizi nani aliyetia saini.

Hatusemi kwamba urafiki na mataifa ni haramu, wala hatuwatetei wauaji. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifunga mapatano na Makureshi pale Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Masharti yake yalijulikana, na Sayyidna Umar alipoyaona mazito alimwuliza Mtume uso kwa uso, wala hakuitwa msaliti.

Katiba ya 2010, kifungu cha 240, yataka Bunge liidhinishe majeshi ya kigeni kuwekwa nchini. Basi tuelezwe: askari hao ni wangapi? Wakimdhulumu raia, watahukumiwa na mahakama ya nani? Na mwenzetu akiingia vitani na taifa lisilotukosea, je, bandari yetu itatumika?

Ewe msomaji, muulize mbunge wako maswali haya atakapokuja kuomba kura. Ahadi ni deni, na hili tutalilipa sisi na watoto wetu. Ni haki yetu kujua tumekopeshwa nini, na kwa rehani gani.

Wabillahi tawfiq.