Nakala Iendayo na Nakala Ikaayo

Wakazi wa Rumonge hapa Burundi, na wa mwambao wote ushukao kusini hadi Nyanza-Lac, hawahitaji kufundishwa thamani ya hati, kwa kuwa wale waliokimbilia Tanzania katika maafa ya 1972, waliporejea miaka ya 2000 na kukuta mashamba yao ya michikichi yakilimwa na wengine, ambao baadhi yao waligawiwa ardhi hiyo na serikali yenyewe, waliona kwamba aghalabu kumbukumbu ya jirani mzee ndiyo daftari pekee lililosalia, na Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, ikashughulika na mashauri hayo kwa miaka mingi. Ziwa nalo halina huruma na makaratasi: Tanganyika, ambayo njia yake pekee ya kutolea maji ni mto Lukuga upande wa Kongo, ilifura 2021 na tena 2024 hata maji yakaingia majumbani mwa watu wa mwambao huu. Basi mtu akishauri kwamba madaftari ya zahanati zetu yahamishiwe katika seva zilizo mbali, huko kunakoitwa winguni, ushauri wake una mantiki. Illa hati zinaweza kupotea huko pia, na namna ya kuzirejesha ndiyo sehemu ya habari ambayo wauza mitambo huipita upesi.

Mfano ulio karibu nasi, na unaochambulika kwa kuwa programu yake iko wazi kwa kila atakaye kuisoma, ni eCHIS, mfumo wa Kenya wa kutunza habari za afya ya jamii, ambao serikali ilianza kuueneza 2023, mwaka ambao wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliandaliwa simu na mikoba ya kazi. Na Zanzibar, kwa mpango wa Jamii ni Afya, imetumia zana zile zile zilizoujenga mfumo huo, zijulikanazo kama Community Health Toolkit. Msingi wa zana hizo ni hifadhidata ya CouchDB, aliyoianzisha Damien Katz mwaka 2005, ambayo hutunza habari katika hati badala ya majedwali, kila hati ikiwa na kitambulisho chake na namba ya toleo lake. Na katika simu ya mhudumu imo hifadhidata ndogo, PouchDB, inayomwezesha kuandika habari za mama mjamzito au mtoto mwenye homa pasipo mtandao wowote, kisha kupatana na seva mtandao upatikanapo.

Hapo ndipo watu wengi huteleza. Kwa kuwa hati moja ipo simuni na ipo sevani, hudhani kwamba akiba imekwisha kuwekwa, ilhali nakala ya simuni hufuata kila kitendekacho. Katika CouchDB, kufuta hati ni kuandika toleo jipya lenye alama ya kufutwa, na toleo hilo husafiri kama toleo jingine lolote, hata msimamizi akikosea akafuta kaya za kijiji kizima, kosa lake litawafikia wahudumu wote wa kijiji hicho kwa uaminifu ule ule unaofikisha habari njema. Fauka ya hayo, simu hubeba hati za eneo la mhudumu wake tu, na zile kuukuu huondolewa simuni ili isilemewe. Wala matoleo ya zamani yaliyomo sevani si kimbilio, maana kazi ya kubana faili, ambayo hufanywa ili diski isijae, huyafagia.

Akiba ya kweli, basi, ni nakala iliyokatwa kutoka mkondo huo na kuwekwa kando. Waliobuni CouchDB walirahisisha jambo hili kwa uamuzi mmoja ambao mimi nauhesabu kuwa wa hekima kuliko yote waliyofanya: faili ya hifadhidata huandikwa mwishoni tu, na kilichokwisha kuandikwa hakiguswi, kwa hiyo faili hunakiliwa seva ikiwa kazini, na nakala hiyo itasomeka hadi mahali pa mwisho palipokamilika. Sharti ni kufuata taratibu: faharasa zinakiliwe kwanza, hati baadaye, kwa sababu faharasa iliyo mpya kuliko hati zake itaamini kwamba imekwisha kuhesabu hati ambazo hazimo, na majibu yake yatakuwa na kasoro, na asiyetaka taabu hiyo aziache faharasa kabisa, zijengwe upya, ingawa kwa hifadhidata kubwa ujenzi huo huchukua saa nyingi.

Kurejesha ndiko kwenye mitego. Seva za CouchDB hutunza ramani inayosema kipande kipi cha hifadhidata kimo katika seva ipi, na ramani hiyo huitaja seva kwa jina lake, hata seva mpya ikipewa jina jingine, hati zote zitakuwamo diskini na hakuna itakayopatikana mpaka ramani isahihishwe. Hali kadhalika kitambulisho cha seva: kikibadilika, simu zitaiona kuwa ngeni, na maelfu kwa maelfu zitaanza kulinganisha hati tangu mwanzo, jambo linaloweza kuilemea seva iliyotoka kufufuliwa. Siri inayotia muhuri vikao vya watumiaji nayo ikipotea, kila mhudumu atatakiwa kuingia upya kwa nenosiri ambalo pengine amelisahau. Jina la seva, kitambulisho chake na siri hiyo ni mistari michache katika faili za mipangilio, na ndivyo vinavyosahauliwa na wale wanaonakili hati peke yake.

Lililo gumu zaidi ni pengo la wakati. Seva iliyokufa alasiri, ikirejeshwa kutoka nakala ya usiku uliopita, imepoteza kazi ya mchana kutwa, na kazi hiyo, kwa bahati, ingali simuni. Je, simu zitaituma tena? Hutegemea mahali inapotunzwa alama ya ilipofikia kila simu katika kutuma: ikitunzwa pande zote mbili, pande hizo hulinganisha, zikarudi nyuma hadi zinapokubaliana, na hati zikapanda upya, ikitunzwa simuni tu, simu itashikilia kwamba imekwisha kutuma, nayo itanyamaza. Mwenye mfumo sharti alijue jibu hili kabla ya msiba.

Pa kuiweka akiba, tukio la UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, limekata shauri: Mei 2024 sehemu ya mazingira yake katika wingu la Google ilifutwa, na nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine zikasaidia sana kuifufua. Nakala iliyo chini ya akaunti ile ile inaweza kufa kwa amri ile ile.

Kwa hiyo, ewe msimamizi wa zahanati au wa ushirika wa wavuvi hapa Rumonge utakayeletewa mkataba wa mfumo wa namna hii, usitie saini mpaka mtoa huduma airejeshe akiba yake mbele yako, katika seva nyingine tupu, na simu moja ya mhudumu ikaungana nayo na kupeleka hati.