Bei ya Chipukizi Aliyekwama

Habari ya kwamba Abdul Rwatubyaye, beki wa kati aliyeondoka Rayon Sports ya Rwanda mwanzoni mwa 2019 kwenda Sporting Kansas City ya Marekani, amehamia Colorado Rapids mwezi Agosti wa mwaka ule ule kwa njia ya mabadilishano, ilikuwa na ugeni wake kwa sisi wa Kigali tuliozoea kwamba mchezaji ama huuzwa, ama hukopeshwa, ama huachwa. Ligi kuu ya huko ndiyo yenye mikataba ya wachezaji, wala si klabu. Basi klabu mbili zikipeana mtu hupeana haki ya kumtumia tu, na badali yake huweza kuwa fedha za mgao zinazopunguza uzito wa mishahara, au zamu ya kuchagua vijana wa vyuo vikuu, au hata nafasi za kusajili wageni, ambazo kila klabu hugawiwa nane na ambazo zenyewe huingia sokoni kama bidhaa. Na kwa kuwa fungu la asilimia 5 ambalo FIFA imewawekea waliomlea mchezaji baina ya umri wa miaka 12 na 23 hukatwa katika ada ya uhamisho, pasipokuwa na ada hapana fungu.

Desturi hii ni kongwe zaidi katika besiboli, mchezo ambao ilmu ya kumkadiria kijana aliyeyumba imefikishwa mbali. Mfano ulio bayana ni wa Jake Arrieta, mrushaji wa Baltimore Orioles, ambaye mwaka 2013, baada ya kuanza michezo mitano tu, alikuwa akiruhusu wastani wa mikimbio 7.23 kwa kila duru tisa, hesabu ya kumtia aibu mwalimu yeyote. Julai akatolewa pamoja na Pedro Strop kwenda Chicago Cubs, nao Orioles wakapokea Scott Feldman na Steve Clevenger. Wanunuzi hawakuupuuza ule wastani, ila waliuliza ni sehemu gani ya udhaifu ule iliyo ya mtu na ni sehemu gani iliyo ya nyumba anamokaa. Wakamwachia arushe kwa mkono unaokatiza kifua, kama maumbile yake yalivyomtaka, na mwaka 2015 akatwaa tuzo ya Cy Young kwa wastani wa 1.77.

Ama Rwatubyaye, aliyekuwa na umri wa miaka 22, kipimo chake kilikuwa kigumu zaidi, kwani beki hana wastani wa kumshitaki wala wa kumtetea. Kansas City walikuwa wamemtoa Ike Opara kwa Minnesota United Januari hiyo kwa fedha za mgao zilizoweza kufika dola milioni 1, na Opara akaishia kuwa beki bora wa ligi nzima mwaka ule. Pengo la mtu wa kiasi hicho si mahali pa mgeni kujifunzia kazi. Rwatubyaye hakupata namba ya kudumu. Walakini kukosa namba na kushindwa kucheza ni mambo mawili, na makadirio mengi ya bei huharibika hapo, kwa sababu dakika chache huhesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya mtu ilhali ni upungufu wa ushahidi tu.

Colorado, walioanza msimu ule vibaya hata wakamfukuza kocha wao Anthony Hudson ilipoingia Mei, walikuwa na dakika za kugawa. Lakini mchezaji asiye raia wala mkaazi wa kudumu hukalia nafasi moja katika zile za wageni, na gharama hiyo huendelea hata akiwa benchi, nami naona ndiyo iliyokuwa nzito kuliko mshahara. Mwaka 2020 wakampeleka kwa mkopo Colorado Springs Switchbacks, daraja la chini, kisha wakaachana naye.

Isidhaniwe kwamba kila aliyekwama ni lulu iliyofichika. Simba ya Dar es Salaam ilimchukua Luís Miquissone Januari 2020, baada ya Mamelodi Sundowns kumzungusha kwa mikopo pasipo kumtumia, na hoja ya Simba ilikuwa ya macho: Agosti 2019 alikuwa amewafunga wao wenyewe akiwa na UD Songo, wakatolewa Ligi ya Mabingwa. Februari 2021 akaifunga Al Ahly bao pekee, na miezi sita baadaye Al Ahly ikamnunua. Akakwama Cairo, akakopeshwa Abha ya Saudia, na aliporejea Simba 2023, nyumba ile ile iliyomfaa, hakuwa tena yule. Nyumba hueleza mengi, si yote.

Rwatubyaye alipita Shkupi ya Masedonia Kaskazini, akarudi Rayon mwaka 2022. Soko la Marekani lilikuwa limekwisha kumshusha bei, na sehemu ya bei ile ilikuwa kodi ya kiti cha mgeni. Kigali kodi hiyo haikuwapo: ni Mnyarwanda, hakugusa hesabu ya wageni, na kila mechi aliyocheza iliwaachia Rayon kiti kimoja cha kigeni cha kutumia kwingine uwanjani.