Homoni, Kivumishi na Mhariri Wangu

Testosterone: An Unauthorized Biography nilikisoma Mbamba Bay, likizo ya Desemba 2022, miguu majini. Rebecca Jordan-Young na Katrina Karkazis walikitoa mwaka 2019, na hoja yao kubwa ni kwamba jina "homoni ya kiume" linapotosha. Ovari nazo hutengeneza testosteroni, na mwanamke anaihitaji, hata katika kukomaza mayai.

Hapo nikafunga kitabu. Mwaka huohuo wa 2019 niliandika habari ya Francine Niyonsaba wa Burundi, mshindi wa medali ya fedha ya mita 800, Rio 2016. Kanuni mpya zilimtaka ashushe testosteroni yake ama aache mbio hizo. Nikaandika: "ana homoni nyingi za kiume." Kiswahili kilinipa "a-", kiambishi kisichouliza jinsia ya mtu. Kivumishi changu ndicho kilichouliza, kikajibu, kikahukumu.

Lakini kitabu nacho kina pengo. Kinajadili ukatili, madaraka, ulezi, michezo. Ukuaji wa mimba hakikuupa sura yake. Ajabu, maana ushahidi mzito uko huko. Mwaka 1947 Alfred Jost, Mfaransa, alieleza alivyoondoa tezi za uzazi za vijusi vya sungura vikiwa tumboni: vyote vikaota maumbile ya kike, hata vile vya kiume. Mfugaji wa Mbinga aliyehasi beberu mdogo naye anajua kwamba hataota shingo nene wala kutoa ile harufu. Homoni inafanya kazi, jamani. Tungeambiwa hivyo waziwazi, kisha tubishane kuhusu jina.

Nilimwonyesha mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu samaki wa bluu kwenye mawe. Nikamuuliza kama ni dume.

"Dume, mwanangu. Ila akinyang'anywa jiwe lake, hata rangi inamkimbia."

Russell Fernald wa Stanford na wenzake walichunguza jambo hilihili kwa samaki wa Ziwa Tanganyika: dume akipoteza eneo lake, rangi hufifia na korodani husinyaa, akilipata, vinarudi. Kumbe maisha nayo huisukuma homoni, na hapo waandishi wetu wana haki kabisa.

Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kule Zagreb. Machi 2023 masharti yakapanuliwa hadi riadha yote ya wanawake. Safari hii niliandika "testosteroni" tu. Asubuhi gazeti likatoka na "homoni za kiume". Mhariri akaniambia, "Nimekusaidia, wasomaji wasingeelewa."