Springi za Impreza kwa Njia za Handeni

Kati ya Korogwe na Handeni kuna lami, na Subaru Impreza WRX haina taabu nayo. Taabu huanza ukiiacha lami ukaingia vijijini, kwenye makorongo na njia zenye mawimbi mithili ya bati. Tumbo linagonga, mwenye gari anataka liinuliwe.

Njia ya haraka gereji ni kupachika mpira kati ya mizunguko ya springi. Naipinga kabisa. Mpira huufunga mzunguko mmoja usifanye kazi, springi inakuwa ngumu ghafla, na mzigo wote unaulemea mzunguko wa jirani, ambao ndio hukatika.

Wazo bora ni springi za mtumba za Forester. Forester ya kwanza, ya mwaka 1997, ilijengwa juu ya msingi wa Impreza, hivyo miguu yake mingi inaingiliana. Ila jina la gari peke yake halitoshi. Baadhi ya Forester zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe mzigo ukizidi. Springi zake ni laini kwa makusudi, kwa kuwa shokapu inabeba sehemu ya uzito. Ukizifunga na shokapu za kawaida, gari linakaa nyuma. Shokapu hizo utazitambua kwa mwili mnene kuliko wa kawaida. Ukiziona dukani, usinunue springi iliyotoka nazo.

Kwa hiyo springi ipimwe. Kwanza kwangua rangi na kutu, upime unene wa waya kwa kalipa. Pima kipenyo cha nje, utoe unene huo wa waya, upate kipenyo cha kati. Kisha hesabu mizunguko inayocheza, si ile iliyolala kwenye kikalio. Waya wa milimita 12, kipenyo cha kati cha milimita 120 na mizunguko 6 hutoa ugumu wa karibu kilo 2 kwa kila milimita. Waya ukiwa wa milimita 13, mengine yakibaki vilevile, ugumu unapanda kwa asilimia 38 hivi, maana unene huzidishwa kwa wenyewe mara nne katika hesabu. Milimita moja hiyo jicho haliioni! Ukikata mzunguko mmoja kati ya sita, gari linashuka na springi inaongezeka ugumu kwa asilimia 20. Uhakiki ni rahisi: weka springi juu ya mizani chini ya presi, ikandamize milimita 25. Ile ya waya wa milimita 12 itasoma karibu kilo 50, ya milimita 13 karibu 69. Iwekee kizuizi, maana springi ikichomoka inaua.

Urefu na ugumu ni mambo mawili. Springi ngumu mno hurusha tairi juu ya mawimbi, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Impreza zilizoshinda Safari Rally Kenya, ya Colin McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000, zilikuwa zimeinuliwa, lakini na shokapu zenye mwendo mrefu.

Kwa njia za Handeni, nunua springi za Forester za kawaida pamoja na shokapu zake, kushoto na kulia zikiwa na vipimo sawa na vya kiwandani, kisha upeleke gari kupimwa mlalo wa magurudumu. Bei ya seti nzima ni kubwa kuliko ya mpira, na inastahili.