Kimpira Kimoja Kimeharibu Pambano Zima

Pambano lile la kipindini, la shimesikio tatu kwenye sikio moja, liliharibika pale mtangazaji alipoweka kando kimpira cha kuziba na kuichomekea shimesikio ya pili kimpira chenye matundu, eti ndicho ilichokuja nacho boksini. Kuanzia hapo alikuwa analinganisha vimpira.

Matundu huachia besi itoke, na hapohapo huingiza sauti ya chumbani moja kwa moja. Hiyo hufika kwenye kiwambo cha sikio wakati ile inayopitia mashine bado iko njiani, maana shimesikio nyingi za kidijitali huchelewa milisekunde 5 hadi 8. Zikichanganyika, baadhi ya masafa hupandishana na mengine hufutana, na msemaji akasikika kama yuko ndani ya bomba. Ndio mlio mliousikia, ukaitwa wa bati, na ya pili ikakatwa alama kwa kosa lisilo lake. Watengenezaji wanalijua tatizo hili vizuri: Widex walitoa Moment mwaka 2020, wakapunguza ucheleweshaji hadi chini ya milisekunde moja. Kisha ya tatu ikarudishiwa kimpira cha kuziba na kusifiwa kwa joto la sauti. Joto gani? Ni besi iliyokosa pa kutokea.

Na desibeli je? Nimelisema hili hadi wasomaji wamenichoka: kinachovuma zaidi huonekana bora, hata tofauti ikiwa ndogo. Mrija wa kupimia sikioni ungemaliza ubishi kabla haujaanza. Haukutumika.

Kichwa cha KEMAR, ile sanamu ya kupimia, hakikusogezwa, na kelele ya mgahawa ilikuwa ileile kwa zote. Sawa. (Sauti ya kupimia ilikuwa ISTS, ile ya wanawake wa lugha sita. Kiswahili hakimo, na nitaendelea kulalamika.)

Kusawazisha sauti si jambo geni: Edgar Villchur, aliyeanza na spika za kampuni ya AR kabla ya kugeukia shimesikio, aliwaweka Fine Arts Quartet jukwaani kando ya spika zake, sauti zikiwa zimesawazishwa, na wasikilizaji wakashindwa kujua ni wakati gani wanamuziki wanajifanya tu kupiga. Mwaka 1973 alipochapisha kazi yake ya kubana sauti kwa wenye usikivu hafifu, alikuwa na haki ya kusikilizwa.

Sehemu ijayo wameahidi kulijaribu sikio la kushoto. Warudie kwanza la kulia, kwa kimpira kimoja.